Kahambu Anayeonja Kwanza

Goma hakuna mtu anayepokea kinywaji kilichofunguliwa nyuma ya mgongo wake. Chupa inafunguliwa mbele ya macho yako, aliyeileta anamimina kidogo, anakunywa yeye kwanza, mnatazamana, ndipo anamimina yako. Si dharau, na si sherehe. Ni hofu ya karuho, ile sumu ambayo watu wanasema inafichwa chini ya ukucha na kudondoshwa ndani ya glasi ukigeuza shingo tu. Vita vilipokuja, na waasi wakafuatana, hofu hiyo ilinenepa. Nyumba zilikosa unga, zilikosa chumvi, lakini hofu haikukosekana hata kwa nyumba moja.

Kahambu, mama wa Butembo aliyeuza chakula pamoja na divai za bei ya chini, alionja kwanza kwa miaka minane. Kila chupa. Mara kumi kwa siku, siku nyingine mara kumi na tano, funda moja moja. Mtu mwingine angekuwa mlevi. Yeye akawa fundi. Ulimi wake ulizijua divai kama vidole vya mshonaji vinavyojua kitambaa hata gizani.

Hakufundishwa na mtu. Aligundua mwenyewe, polepole, kwa sababu alikuwa akionja huku akinusa sahani za watu. Divai nyekundu, ile inayotoka mbali ikipitia Kampala, ukiinywa peke yake inakwaruza koo. Ukishameza tonge mbili za fufu na sombe, majani ya muhogo yaliyopikwa kwa mawese, inalainika, unashangaa ni ile ile. Divai ya ananasi kutoka Beni inayafanya maharagwe yawe kama chakula cha mgonjwa. Lakini kwa makayabu, samaki wa chumvi, inakaa vizuri kabisa, chumvi na sukari zinasalimiana. Na sambaza wa kukaanga, wale wadogo wa ziwani, aliwapa divai ya marakuja, yaani matunda ya pasheni, inayotengenezwa Masisi, chachu kidogo, ili mtu asitafute ndimu.

Ukifika kwake, kwanza alitazama sahani yako.

"Unakula nini?"

"Sombe."

"Basi achana na ile ananasi. Utakunywa nyekundu."

"Mama, mi napenda ya sukari."

"Sukari utaramba nyumbani kwako."

Na watu walimtii. Walinung'unika, lakini walimtii, na wakirudi siku ya pili waliuliza wenyewe: Mama Kahambu, leo maharagwe, inaenda na nini?

Kibanda chake cha kwanza kilikuwa katikati ya mji wa Goma. Januari ya mwaka wa elfu mbili na mbili mlima ulipasuka, moto ukateremka barabarani kama mtu anayejua anakoenda, kibanda kikaenda na chupa zake zote. Kahambu alilala Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, siku mbili, nje, na watu elfu na elfu. Siku ya tatu akarudi, mawe yakiwa bado ya moto hata kandambili zikinata chini. Alisimama pale kibanda kilipokuwa. Hakuona kitu cha kulilia. Ni jiwe jeusi tu, linatoa mvuke. Kurudi Butembo haikuwezekana, kwa maana barabara ya kaskazini ilikuwa imekatwa: waasi waliotawala Goma na waasi waliotawala kule kwao walikuwa wakitazamana kwa bunduki huko Kanyabayonga.

Aliyemwokoa ni Mwavita, mjane mwislamu ambaye babu zake walikuja na biashara kutoka Maniema. Kiwanja cha Mwavita kilikuwa Katindo, karibu na njia ya kambi ya askari, na moto haukufika huko. Nyumba ilikuwa na baraza pana.

"Baraza ni yako," Mwavita alisema. "Lakini chupa zisivuke kizingiti cha mulango wangu. Na glasi zako uzioshe kwa beseni yako."

"Na sufuria, yaya?" Kahambu aliuliza, akimwita kama dada mkubwa.

"Sufuria ni ya wote. Chakula haina makosa."

Wakaishi hivyo. Sufuria moja, meza mbili. Ndani Mwavita na watoto wake walikula na maji, barazani wateja walikula na divai. Siku za misa Mwavita alipika, siku ya Ijumaa alipika Kahambu.

Mteja mwenye mdomo kuliko wote alikuwa Ferdinand, dereva wa lori. Yeye ndiye aliyemletea Kahambu divai, akizungukia Uganda na kuingilia Bunagana kwa sababu ya barabara kukatwa. Kwa hiyo alijiona na haki ya kubishana naye. Alikuja kila Jumapili na mdogo wake Benny, na kila Jumapili kulikuwa na vita vidogo.

Jumapili moja ya mwezi wa ine, mvua ikiwa imenyesha wiki nzima, Kahambu alitoka misani akakuta harufu mpya nyumbani. Mwavita alikuwa amepika uyoga na karanga.

"Umetoa wapi uyoga?"

"Mama mumoja wa Masisi amepita na kikapu. Bale bakimbizi ba Mugunga. Uliona mvua hii? Unaota hata juu ya taka."

Kahambu aliinama juu ya sufuria akanusa. Harufu ya udongo uliolowa, na chini yake kitu kama nyama. Hakuonja, wateja walikuwa wamekwisha kukaa, na yeye alikuwa na desturi ya kula mwisho. Alinusa tu, akasimama akifikiri, halafu akatabasamu peke yake. Nyekundu, ile kavu. Hakuna nyingine.

Wateja wengine walikuwa wamekwisha kupewa maharagwe; Ferdinand alipoletewa sahani ya uyoga, ya pekee barazani, akapiga meza.

"Leta ya ananasi!"

"Hapana. Nyekundu."

"Bon, sikieni batu yote! Huyu mama anajua divai kama mbuzi anajua misa. Mi njo ninaibeba kutoka Uganda, mgongo wangu njo unavunjika, na yeye njo ananichagulia!"

Baraza zima likacheka. Kahambu naye alicheka, akamwelekezea kidole.

"We kunywa tu. Leo utanijua mimi ni nani!"

Alifungua mbele yake, akamimina, akameza funda lake, akasubiri, akamimina ya Ferdinand, kisha ya Benny. Benny hakutaka uyoga. Alisema kula uyoga ni kama kula sikio la mtu. Alipewa maharagwe.

Ferdinand alikula, akanywa. Akaonja tena. Uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyeshindwa lakini hataki kusema.

"Sasa je?" Kahambu akamuuliza.

"Mm. Inaweza."

Kwa Ferdinand "inaweza" ilikuwa ni wimbo wa sifa. Kahambu alirudi kwenye moto akijisikia mrefu.

Hata nusu saa haikupita. Alisikia benchi ikianguka. Alipogeuka, Ferdinand alikuwa amesimama, ameshika kifua, macho yamemwiva, mishipa ya shingo imevimba, jasho linamchuruzika.

"Moyo," alisema. "Moyo inakimbia. Benny, moyo inataka kutoka."

Akatapika pale pale. Na kabla hajamaliza kutapika, mtu mmoja kwenye meza ya mwisho alilitamka lile neno, si kwa sauti kubwa:

"Karuho."

Neno hilo halihitaji sauti kubwa. Glasi zote ziliwekwa chini. Wengine walikimbilia nje wakajitia vidole kooni. Benny alimbeba kaka yake mabegani, akielekea kituo cha afya, na alipofika kwenye lango la kiwanja aligeuka.

"Umesema leo atakujua! Batu yote yamesikia!"

"Benny, ilikuwa mchezo! Mi mwenyewe nimekunywa mbele yake!"

"Wewe njo unajua mahali umeiweka!"

Shefu wa mtaa, muzee Damascène, aliitwa. Alikuwa mtu mpole, mpole mno kwa nyakati zile. Aliangalia kucha za Kahambu moja moja, kumi zote, kama anayechagua maharagwe. Hakukuta kitu isipokuwa masizi. Lakini watu walikuwa wamejaa nje, na wengine walikuwa na mawe mkononi.

Kahambu alichukua ile chupa, ikiwa na robo yake bado, akainywa yote mbele yao mpaka tone la mwisho. Akapangusa mdomo, akasubiri. Hakuanguka. Alidhani hilo litamsaidia.

"Unaona?" mama mmoja akasema nyuma. "Amekwisha kunywa dawa yake mapema. Yeye haimushike."

Ukishaitwa mwenye karuho, kila unachofanya ni ushahidi. Ukilia, unajuta. Usipolia, una roho ngumu.

"Mama Kahambu," Damascène akasema kwa sauti ya chini, "baraza ifungwe. Tumuombe Mungu Ferdinand apone. Akikufa, ama familia yake ikisema hapana, mi nitalazimika kukupeleka mu kambi. Na unajua kambi."

Alijua. Katindo nzima ilijua. Watu walioingizwa mle kwa maneno madogo kuliko hayo hawakutoka.

Jua lilipokaribia kuzama, mtoto wa Mwavita alikuja mbio na habari: Ferdinand anakaa, anaongea, moyo umetulia, muuguzi amemruhusu aende nyumbani. Kahambu alikaa chini palepale juu ya jiwe, akafunika uso na kitambaa. Alipumua mara ya kwanza tangu saa saba. Mwavita alimshika bega.

"Al-hamdulillahi. Umeona? Ni tumbo tu."

Lakini Jumatatu asubuhi mambo yaligeuka tena. Benny alimpa kaka yake bia, ili isafishe tumbo, kama wanavyosema watu. Bia ya duka, aliyoifungua Benny mwenyewe kwa mkono wake. Baada ya dakika chache, Ferdinand alikuwa chini tena: moyo, jasho, kutapika. Sasa watu hawakusema kwamba bia ile ilikuwa mbaya. Walisema karuho ya Kahambu bado iko tumboni, inakula ndani. Benny alikwenda kwa Damascène akasema familia imechoka, mama yule aende kambi. Damascène aliomba siku moja. "Mpaka kesho saa sita," alisema, na kila mtu alimhesabu Kahambu kama mtu aliyekwisha kuondoka.

Mchana ule wanawake wawili walikaa barazani, benchi zote zimepinduliwa.

"Ni divai yako, dada," Mwavita akasema hatimaye. Alikuwa amelishikilia neno hilo tangu jana. "Si wewe. Lakini divai, labda iliharibika njiani."

"Divai gani? Nimeinywa mpaka tone la mwisho! Na Benny amekunywa. Ni uyoga wako."

"Uyoga wangu? Nimekula sahani mbili! Watoto bamelamba sufuria!"

"Basi nani amemtia sumu? Mimi?"

"Nimesema wewe?"

"Umesema divai yangu!"

Kila mmoja aligeukia upande wake. Nje askari wawili walipita, wakacheka kitu chao, wakaenda. Halafu Kahambu akasema, taratibu, kama anayeonja neno kabla ya kulimeza:

"Yaya. We umekula uyoga. Umekunywa divai?"

"Unanijua."

"Mi nimekunywa divai. Sikula uyoga. Benny alikunywa, akala maharagwe." Alisimama. "Na jana usiku Ferdinand alikuwa mzima. Leo amekunywa bia tu, imerudi. Ni mutu mumoja tu ndiye ana vyote viwili tumboni."

Miaka minane alikuwa akitafuta vitu vinavyopendana kinywani. Hakuwahi kufikiri kwamba kuna vitu vinavyochukiana tumboni.

Mwavita alikuwa tayari anajifunga kitenge. "Ninamujua yule mama kwa uso," alisema. "Nitamuleta."

Alimleta Jumanne asubuhi, baada ya kuzunguka njia ya Sake mpaka Mugunga na kuuliza hema kwa hema. Mukashyaka alikuwa mama mwembamba mwenye kikapu kichwani, na ndani ya kikapu uyoga ule ule, wa kijivu, vichwa kama mayai madogo. Wa jana yake ulikuwa umeanza kuyeyuka, ukitoa maji meusi kama wino. Damascène alikuwepo. Benny alikuwepo, na Ferdinand, amekonda uso, akiegemea fimbo. Watu walijaa mpaka njiani.

"Mama," Damascène alimuuliza, "uyoga huu unakulwa?"

"Unakulwa, muzee. Tangu babu zetu."

"Haina karuho?"

"Apana! Ila haupendi pombe. Ukiula, siku tatu usiguse kasiksi ya ndizi, usiguse bia. Ukigusa, moyo utakukimbia kama mbuzi ameona chui. Kwetu hata mutoto anajua."

"Na kwa nini haukusema?" Benny akapiga kelele. "Unauzia batu kitu kama hicho, unanyamaza?"

Mukashyaka alimtazama akishangaa kweli kweli. "Ninaambia kila nyumba! Lakini hapa nilipiga hodi, akatoka mama amefunga kichwa, ananisalimia salamaleko. Nikasema moyoni, hapa salama, hawa hawanywi. Ningemwambia mama mwislamu habari ya pombe, si angenifukuza?"

Mwavita alikaza kitambaa chake kichwani. Kisha akasema, "Ningekufukuza."

Mtu mmoja alicheka. Lakini Benny hakucheka.

"Maneno," alisema. "Mulipanga jana. Nani ameona?"

Kahambu alijua atasema hivyo. Alikuwa amekwisha kuamua usiku. Alichukua konzi mbili za ule uyoga, akaukaanga mbele ya macho ya wote, akala. Sahani nzima, akitafuna taratibu. Na kusema ukweli, ulikuwa mtamu. Wakasubiri. Watu walikaa juu ya benchi zilizopinduliwa, juu ya mawe, wengine waliketi chini kama wanasubiri misa. Saa nzima ilipita. Kahambu alichambua maharagwe. Hakuna kitu.

"Umeona, Benny? Uyoga peke yake, niko mzima. Sasa fungua chupa. Wewe mwenyewe. Chagua yoyote."

Benny alichagua. Alifungua kwa meno yake, akanusa, akanywa funda moja yeye kwanza, akasubiri, akampa.

"Kidogo tu, mama," Mukashyaka alimwambia kwa haraka. "Kidogo sana."

Kahambu alimeza mafunda mawili. Alihesabu moyoni. Alifika mia tatu, mia ine, na hofu mpya ikamjia: je, isipokuja? Mwili wake ukiwa mgumu kuliko wa Ferdinand, je? Atakwenda kambi akiwa mzima kabisa. Hakuna mtu chini ya mlima ule aliyewahi kuomba ugonjwa kama yeye alivyouomba.

Ulikuja. Kwanza masikio, kama mtu ameyashikia makaa. Halafu shingo. Halafu moyo ukaanza, gu gu gu, mpaka kitambaa cha kifuani kikawa kinatikisika na watu wa mbele wakakiona.

"Njo hivyo!" Ferdinand aliruka, akasahau fimbo. "Njo hivyo kabisa! Angalia macho! Mama, kichwa inakufanya ngo-ngo-ngo?"

"Ngo-ngo-ngo," Kahambu alijibu, akatapika kwenye beseni yake mwenyewe.

Na akiwa ameinama hivyo, machozi yanamtoka, alicheka. Baraza zima likalipuka. Watu waliokuwa na mawe juzi walikuwa sasa wakimpepea na vitambaa, wakimpa mashauri kumi kwa mara moja. Damascène alivua kofia akajipangusa kichwa, na kichwa hicho kilikuwa kimelowa kuliko cha mgonjwa.

Benny alisogea. Alikuwa kijana mrefu, na aliinama mpaka magoti.

"Mama Kahambu. Nilisema neno mbaya."

"Ulisema," Kahambu akajibu ndani ya beseni. "Nitakujibu nikimaliza."

"Lakini niambie kitu kimoja," Ferdinand alisema, akikaa chini karibu yake. "Uyoga na ile nyekundu, kabla ya moyo kukimbia. Mdomoni ilikuwa vizuri, au si vizuri?"

Kahambu aliinua kichwa. "Wewe sema."

Ferdinand alitazama huku na huku, akaona hakuna pa kukimbilia.

"Ilikuwa vizuri sana," alisema. "Hata kufa ningekufa na utamu."

Moyo ulitulia baada ya saa mbili. Mwavita alimlaza ndani, kwenye kitanda chake mwenyewe, ingawa Kahambu alinuka divai kutoka kichwa mpaka miguu. Alisema mgonjwa si chupa. Mukashyaka alibaki barazani na kikapu chake, akieleza watu upya, mmoja mmoja, na safari hii hakuangalia nani amefunga kichwa na nani hakufunga.

Kahambu alilala mchana kweupe. Tangu mlima upasuke hakuwa amelala hivyo, bila sikio moja kubaki wazi kusikiliza nani anakuja. Wateja walifika saa ya kula kama kawaida, wakakuta hakuna wa kuwapakulia. Hakuna aliyemwamsha. Waliinua benchi polepole, wakajipakulia maharagwe wenyewe, wakala na maji, wakiongea chinichini, na Ferdinand aliyesogea mlangoni akiongea kwa sauti alifukuzwa na Benny kwa mwiko.